Mume wangu anapenda nikipiga zeze, mimi nataka kupiga nikiwa peke yangu

Shikamoo mama mshauri,

Nina miaka 43, mzaliwa wa Bahi, naishi Chang'ombe hapa Dodoma mjini. Ni fundi cherehani. Nina fremu ndogo karibu na soko la Majengo, nashona zaidi sare za shule na za kwaya. Nimeolewa miaka 21, tuna watoto watatu. Mkubwa yuko chuo, wawili bado tunaishi nao. Nakuandikia jambo ambalo nikimweleza jirani ataona nimekosa la kulalamikia. Mume wangu hanipigi, halewi, na sijawahi kusikia ana mwanamke mwingine. Shida yangu ni zeze.

Baba yangu alikuwa mfugaji. Jioni ng'ombe wakishaingia zizini, alikaa kwenye kigoda nje ya nyumba, akaegemeza kibuyu cha zeze tumboni, akapiga. Hakuwa mtu wa kualikwa kwenye sherehe; wapiga zeze wa kualikwa walikuwepo, tena hodari kuliko yeye. Baba alipiga mpaka ugali uive. Mimi nilikuwa hapo hapo napepeta uwele, mama yuko jikoni na chungu chake cha mlenda, na hakuna aliyesema lolote. Kaka zangu hawakutaka kujifunza. Mmoja alikwishaokoka, akasema zeze ni la vilabu vya pombe. Ndipo baba akanishika vidole mimi. Wapo walioshangaa, maana kwetu mwanamke anajulikana kwa ngoma ya muheme, zeze wanaliona la wanaume. Baba alipofariki mwaka 2019 kaka walichukua ng'ombe, mimi nikaomba zeze. Hakuna aliyebisha.

Mume wangu alikuwa dereva wa malori. Dar mpaka Mwanza, wakati mwingine anapitiliza Burundi. Kwa mwezi alilala nyumbani siku sita, saba. Basi usiku watoto wakishalala nafunga mlango wa chumba, nazima taa, napiga. Nusu saa, pengine saa nzima. Sipigi wimbo wenye jina. Kuna kipande alichokuwa akikirudia baba, na mimi nakirudia mpaka kinageuka chenyewe kuwa kingine. Mabega yaliyokakamaa kwa cherehani yanalegea. Nikilala hapo, nalala fofofo.

Mwaka jana mgongo ulimshinda mume wangu. Daktari alimwambia pingili zimeharibika, aache safari ndefu. Sasa anasimamia bodaboda zetu mbili na kila jioni yuko nyumbani. Nashukuru Mungu kwa hilo, naomba uniamini. Miezi ya mwanzo sikupiga kabisa. Halafu usiku mmoja nilidhani amelala sebuleni mbele ya televisheni, nikapiga kidogo. Nilipoinua kichwa alikuwa mlangoni. Akaniambia, "Mama Neema, kumbe nimeoa msanii miaka yote hii." Alifurahi kwa dhati. Kesho yake akaomba nimpigie, akaleta kiti akakaa mbele yangu. Vidole vikawa vigumu, upinde ukatetemeka, nikasema nimechoka. Siku nyingine nikapiga nimegeukia ukuta, sikujua ananirekodi.

Ile rekodi aliituma kwenye kundi la ukoo. Nilipoisikiliza sikuitambua. Ilikuwa nyembamba, inakwaruza, kama mtu anayekwangua ukoko kwenye sufuria. Lakini wao walisifu, simu ikaita siku mbili. Pasaka tukaenda kwa wakwe zangu Kongwa, nikaombwa nipige mbele ya watu. Sikuweza kukataa mbele ya baba mkwe. Nilipiga. Mawifi walipiga vigelegele, watu wakanitunza, nikarudi na shilingi 64,000. Mama, sijui nieleze vipi. Tangu siku hiyo nikishika upinde nyumbani nawasikia wao. Nawaza hapa wangeshangilia, hapa wangechoka. Kile kipande cha baba sikipati tena.

Nimeacha miezi miwili sasa. Mume aliponiuliza nikamdanganya kwamba waya umekatika. Mimi mwenyewe niliufungua nikautupa. Wiki iliyopita alikwenda kwa fundi baiskeli, akaomba waya, akakaa nao mchana kutwa akaufunga mwenyewe. Ameukaza mno, unalia juu kuliko mwenzake. Akanikabidhi zeze kama mtu anayetoa zawadi. Nikaenda chooni kulia.

Sasa Desemba kuna sendofu ya binti wa shemeji yangu, na mume amekwishaahidi kwamba nitapiga. Shemeji anasema nikikubali atanitafutia hoteli, kwamba mji umejaa wageni wa serikali wanaopenda mambo ya asili, na mwanamke mwenye zeze ataonekana kitu kipya. Mama mchungaji amenikumbusha habari ya mtumwa aliyefukia talanta. Nilipomwambia shemeji kwamba sipendi kusikilizwa, alicheka, akasema huo ni ubinafsi, hata redio inapiga watu wasikie.

Redio naipenda. Dukani nasikiliza zilipendwa kutwa, na mume wangu ndiye aliyenifundisha kuzipenda, kwa kanda zake za kwenye lori. Tukisikiliza pamoja sioni shida yoyote. Ni nikipiga mimi.

Je, ni ubinafsi kweli kutaka kitu ambacho hata mume wangu asikisikie? Na nimwambie nini, bila kumwambia kwamba nilikuwa na raha zaidi alipokuwa safarini?

Mama Neema (si jina langu), Chang'ombe

MAJIBU

Marahaba, mwanangu. Mbukwa.

Barua yako niliisoma mara mbili redio ikiwa inasema pembeni, nikaizima nikaisoma mara ya tatu. Umeanza kwa kuomba radhi kwamba huna la kulalamikia, na mimi sikubaliani na wewe hapo. Mtu aliyekuwa na mahali pake pa kupumzikia kwa miaka, akapapoteza, na akapapoteza kwa sababu ya jambo jema, yaani mume kurudi nyumbani, ana uzito wa kweli moyoni. Tena ni uzito mbaya wa aina yake, kwa sababu huna wa kumlaumu. Ungekuwa na mume mkorofi ungejua la kusema.

Nikikuelewa sawasawa, mambo yako ni matatu na yameshikana kama nyuzi kwenye bobini. Kuna kupiga kwako, ambako kumekauka. Kuna mume wako, ambaye furaha yake ndiyo inayokubana. Na kuna watu wa nje, shemeji, mama mchungaji, wenye sendofu, ambao kila mmoja amekwishapata matumizi ya zeze lako. Hawa wa mwisho ndio wanaopiga kelele kuliko wote, lakini nadhani ndio wadogo. Nitawarudia.

Nianze na ile rekodi, kwa kuwa umeipita haraka na mimi naona ina neno. Umesema hukuitambua, na hukukosea. Zeze unaliegemeza tumboni. Waya ukitikisika, kibuyu kinatikisika, ngozi yake inatikisika, na mtikisiko huo unaingia mwilini mwako kupitia nyama na mifupa kabla haujafika masikioni. Mtu aliyekaa mbele yako anapata ule unaopita hewani tu. Simu nayo ilitengenezwa ishike maneno ya mtu anayeongea, ile mivumo ya chini haina kazi nayo sana. Kwa hiyo unachokisikia wewe ukiwa gizani chumbani hakuna mwingine anayeweza kukisikia, hata akikaa nusu mita. Mume wako aliposambaza rekodi alisambaza kitu kingine, na ukoo ukasifu kitu kingine. Sikuambii hivi kukufariji. Nakuambia kwa sababu umeandika kama mtu aliyeibiwa, na mimi nauliza: kilichochukuliwa ni kile kile ulichokuwa nacho?

Kisha lile la vidole kuwa vigumu. Mtu akijua anatazamwa, moyo unakwenda mbio, damu inapungua mikononi, vidole vinapoa, na misuli inakaza. Mpiga ngoma anaweza kupita nalo bila watu kujua. Mwenye upinde hana pa kujificha, kila mtetemo wa mkono unaingia kwenye waya na kutoka kama sauti. Zaidi ya hapo, unaanza kuangalia vidole ambavyo siku zote vilikwenda vyenyewe. Wewe ni fundi, unajua mguu wako ulivyo kwenye pedeli. Mteja akisimama mgongoni kwako akihesabu mishono, je, unashona vilevile? Hata waliozoea majukwaa wanapatwa na hayo. Usiyachukulie kuwa ni ushahidi kwamba mume wako ni mgeni kwako.

Sasa niruhusu niguse jambo ambalo nafikiri umeliandika bila kuliona. Unasema unataka kupiga peke yako. Lakini baba yako hakuwa peke yake. Alikaa nje, wewe unapepeta uwele, mama yako yuko jikoni, ng'ombe zizini. Kila mtu alimsikia. Umeandika kwamba hakuna aliyesema lolote. Hakuna aliyeleta kiti akakaa mbele yake. Hakuna aliyesifu, na siku ambayo hakupiga vizuri hakuna aliyejua, pengine hata yeye. Najiuliza kama unachokitamani ni upweke kweli, au ni ile hali ya kupiga katikati ya watu wenye shughuli zao. Hivyo ni vitu viwili. Cha kwanza, mume wako akiwa nyumbani, ni kigumu kukipata. Cha pili huenda kinawezekana, na huenda yeye ndiye anayekifaa kuliko mtu yeyote. Ila wewe ndiye unayejua. Miaka ile ya kufunga mlango na kuzima taa nayo ilikupa kitu, na mimi sitaki kukinyang'anya kwa maneno yangu mazuri.

Nije kwa mume wako. Kanda zake za lori umezitaja mwishoni tu, lakini nadhani hapo ndipo penye mlango.

Mwanamume wa umri wake, aliyelelewa na zilipendwa, muziki kwake ni ukumbi. NUTA Jazz ilianza 1964, ndiyo iliyotuzalia Msondo. Mlimani Park, watu wa Sikinde, walianza 1978. Bendi hizo zilipiga mbele ya watu wanaocheza, na mpiga solo alijua kazi yake imefika pale watu walipoinuka kwenye viti. Redio Tanzania iliwarekodi ili hata aliye kijijini wasikokwenda apate chake. Mtu aliyekunywa muziki kwenye chungu hicho, akikuta mkewe anapiga gizani, anaona utajiri uliofungiwa kabatini. Alipoleta kiti akakaa mbele yako alikuwa anakupa heshima kubwa kuliko zote anazozijua. Na alipotuma kwenye kundi la ukoo alikuwa anajivunia. Alipaswa kukuomba ruhusa kwanza, hilo usilimeze kimya, ni haki yako kumwambia. Lakini hakuchukua ili akupunguzie.

Halafu geuza upande wa pili. Mtu huyo huyo kwa miaka aliendesha lori usiku. Umesema alikuwa na kanda zake. Barabara ya Manyoni kwenda Singida saa nane za usiku, utingo amelala, taa mbili zinamulika lami na pori, na Mbaraka Mwinshehe au Marijani Rajabu anaimba ndani ya kabini. Unadhani alikuwa anamsikilizisha nani? Mume wako anaijua raha ya muziki wa mtu mmoja pengine kuliko wewe. Ila hajawahi kuipa jina, na sasa ameipoteza pamoja na lori. Wewe umepoteza chumba chako, yeye amepoteza kabini yake, tena mwaka mmoja.

Kwa hiyo unaponiuliza umwambie nini bila kumwambia kwamba ulikuwa na raha zaidi alipokuwa safarini, nafikiri unaweza kuanza kwa kuuliza badala ya kueleza. Muulize kuhusu usiku ule wa barabarani. Alikuwa anasikia nini kabla ya kuteremka Sekenke? Angejisikiaje kama kuna mtu angekaa kiti cha pembeni akimtazama usoni anavyosikiliza? Mwache aongee mpaka amalize. Sikuahidi kwamba ataelewa papo hapo. Mtu aliyeachishwa kazi na mgongo anakuwa na kidonda kilicho karibu na ngozi, na anaweza kusikia jambo moja tu, kwamba nyumbani hahitajiki. Ukiliona hilo linamjia usoni, usikimbilie kulifunika kwa kukubali sendofu. Mwambie hilo lenyewe: kwamba unamhitaji, na kwamba pia kuna nusu saa ambayo ni yako, na hayo mawili hayapigani ndani yako.

Na waya je? Hapa sina jibu moja. Ukimwambia ukweli kwamba uliufungua mwenyewe, ataumia, hasa kwa ule mchana mzima alioutumia. Usipomwambia, kila mara ukilishika zeze utakumbuka, na kitu ulichorithi kwa baba yako kitakuwa na uongo mdogo uliofungwa juu yake. Wapo wanandoa wanaoweza kusema jambo kama hili wakacheka wote wawili baada ya siku mbili. Wapo ambao wakilisema linakuwa rejista ya kurejewa kila ugomvi. Wewe umeishi naye miaka 21, unajua nyinyi ni wa aina gani. Ninachoweza kusema ni kwamba uongo huo haukusemwa kwa dharau. Ulisemwa na mtu aliyekosa neno lingine. Kama utausema, anza na hilo neno lililokosekana, waya uufuate.

Kuhusu mahali na wakati wa kupiga, nimefikiria njia chache. Ipo ya kulihamishia zeze dukani, ukapiga jioni baada ya kufunga. Fremu yako ina kufuli, Majengo jioni ina kelele zake, hakuna atakayekusikia. Inanivutia, lakini naiona hatari. Mke anayechelewa kurudi kila siku nusu saa, na mume aliyekaa nyumbani akihesabu saa, mnatengeneza swali ambalo halikuwepo. Ukifanya hivyo akijua, sawa. Ukifanya kwa siri, zeze litakuwa kama hawara, na utalipiga kwa wasiwasi kuliko ule wa Kongwa.

Ipo nyingine ya kupatana naye muda. Siku mbili kwa wiki, saa moja, yeye anatoka kwenda kuangalia boda zake au anakaa nje na redio yake, wewe unafunga mlango. Hii ni safi na haina siri. Ubaya wake ni kwamba raha haiji kwa ratiba. Utakaa siku ya Jumanne saa mbili usiku na zeze mkononi, huna hamu, na nje unajua kuna mtu amejitoa kwa ajili yako. Hilo nalo ni aina ya hadhira. Huenda ukazoea baada ya wiki kadhaa, huenda usizoee.

Na ipo ile ya baba yako. Jioni, nje, kila mtu na lake. Yeye anachambua mchele au anarekebisha mnyororo wa pikipiki, watoto wanafanya kazi zao za shule, wewe unapiga, na makubaliano ni moja tu: hakuna kusifu, hakuna simu. Kwa mtu anayekupenda kwa maneno kama mume wako itamgharimu kunyamaza. Na wewe siku za mwanzo vidole vitakaza. Inawezekana pia chumba cha giza kimekwisha kuwa sehemu ya muziki wenyewe, na nje ukashindwa kabisa. Ukishindwa, hujaharibu kitu, mnarudi ndani.

Kuhusu sendofu, muda bado upo. Mume wako aliahidi kwa kinywa chake, hakuahidi kwa kinywa chako, kwa hiyo ni haki yeye mwenyewe akaongee na ndugu yake. Lakini najua familia, najua litaonekana umewadharau. Unaweza kukataa zeze na kujitolea kwa mkono wako mwingine, ukawashonea vitenge vya mashangazi, na hakuna atakayesema hukushiriki. Unaweza kukubali mara hii moja, kipande kimoja, ukachagua kitu ambacho si kile cha baba yako. Hili la pili lifikirie vizuri. Naona Kongwa ulipeleka mbele ya watu kile kile unachokipiga gizani, ndiyo maana wamekufuata nacho hadi chumbani. Wapo wapigaji wanaotenganisha, wana cha watu na wana cha kwao. Wengine hawawezi, wakitoa kimoja wametoa chote. Sijui wewe uko wapi, na sidhani unajua bado.

Ya hoteli sina mengi. Fedha ni fedha, karo ya chuo naijua. Lakini shemeji ametaja wageni na kitu kipya, hakutaja muziki. Ukienda, nenda ukijua unakwenda kazini, kama unavyokwenda Majengo.

Umeumizwa na habari ya talanta, nimeona. Yule mtumwa alifukia alichopewa, hakukitumia kwa lolote. Wewe ulikitumia. Miaka ya kulea watoto na mume yuko barabarani, ulikaa usiku ukajipumzisha, asubuhi ukaamka na nguvu za kushona sare za watoto wa watu. Na Injili hiyo hiyo ya Mathayo, sura ya 6, inamtaka anayeomba aingie chumbani afunge mlango. Sikupi hayo uende ukamjibu mama mchungaji, kina mama wa kanisa hawashindwi kwa mistari. Nakupa uyaweke pembeni ya neno lake, kwa kuwa naona neno lake limekaa peke yake kichwani mwako.

Ugogo wenyewe una nafasi kwa njia zote mbili. Hukwe Zawose alitoka mkoa wetu huu na zeze lake na ilimba yake, ile marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, akaitwa Dar es Salaam enzi za Mwalimu Nyerere, akafundisha Bagamoyo, akazunguka dunia. Alipofariki mwaka 2003 kulikuwa na watu Ulaya waliokuwa wamelisikia zeze kwa sababu yake. Namshukuru, kwa sababu yake vijana wengi wanaona fahari. Na pale Chamwino Ikulu kuna tamasha la muziki wa Cigogo, vikundi vinatoka vijijini, akina mama na muheme zao. Ungeweza kwenda siku moja na mume wako, ukakaa kwenye kundi kama msikilizaji tu. Hapo, kama ilivyo kwenye redio, nyote wawili mnatazama upande mmoja. Umesema mkisikiliza pamoja huoni shida. Hilo ni jambo kubwa, mwanangu, nyumba nyingi hazina hata hilo. Lakini baba yako naye alikuwa mpiga zeze, aliyepiga mpaka ugali uive akaliweka. Hakuna anayeweza kuniambia kwamba mmoja wao alikuwa sahihi zaidi.

Neno "ubinafsi" naona ulilipokea kwa shemeji ukalibeba. Kabla hujalibeba zaidi, jiulize ni nini ambacho mtu anakikosa wewe ukifunga mlango kwa nusu saa. Mume anakosa nini? Kuna siku jibu litakuwa "hakosi kitu". Kuna siku, kwa mfano anapokuwa na maumivu ya mgongo na hataki kusema, jibu litakuwa lingine. Siwezi kukupa jibu moja la siku zote.

Jambo moja la mwisho naliuliza kwa taratibu, na kama si lenyewe liache. Baba alifariki 2019, ukachukua zeze, ukalipiga gizani miaka. Je, ulikuwa unapiga tu, au ulikuwa na baba? Kama ulikuwa naye, basi mtu aliyesimama mlangoni usiku ule alikukuta katika mazungumzo, na vigelegele vya Kongwa viliangukia juu ya msiba. Mume wako hajui hilo. Aliona kibuyu na waya. Pengine hata wewe hujawahi kulisema kwa sauti. Likiwa ndilo, huenda ni rahisi zaidi kumweleza kuliko hayo yote niliyoandika, kwa kuwa naye alimjua mkwewe.

Ule waya alioufunga, umesema unalia juu kuliko mwenzake. Umekwishamwonyesha jinsi unavyolegezwa?